Diski Haijafa, Jina Lake Limebadilika

Mwaka wa 2011 nilialikwa na kikundi kimoja cha akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana. Nilipofika niliwakuta wamekaa kimya kama watu waliofiwa. Kompyuta yao ya mtumba, ambayo kwa miaka kadhaa walikuwa wameitumia kuandika hisa, mikopo na faini, ilikuwa imegoma. Ukiiwasha inanguruma kidogo, skrini inakuwa nyeusi, halafu yanatokea maandishi meupe ya kusema kwamba /dev/hda1 haipo. Basi, inakwama hapo.

Fundi wa kwanza aliyeitwa kutoka mjini aliiangalia dakika tano akasema diski imekufa, wanunue nyingine. Pesa za kununua wangechanga. Kilichowaumiza ni vitabu. Walikuwa wameacha kuandika kwa daftari, wakiamini kompyuta inatosha. Sasa nani anadaiwa ngapi? Nani amelipa nusu? Wengine walikuwa wameanza kukumbuka vizuri sana madeni ya wenzao, na kusahau ya kwao wenyewe.

Kwa bahati nzuri walimwita fundi wa pili, kijana mtulivu, ambaye aliketi akasoma yale maandishi polepole.

"Mama, hii diski haijafa," akamwambia mwenyekiti. "Imebadilishwa jina tu."

"Mwanangu, nani ameibadilisha jina?"

"Ni nyinyi wenyewe, mama, wiki iliyopita."

Kumbe mtoto wa mwanachama mmoja alikuwa ameleta toleo jipya la Debian, aina ya Linux waliyokuwa wakitumia, akaliweka juu ya lile la zamani. Katikati ya kazi, programu ilimwuliza kama irekebishe majina ya diski. Kwa haraka akajibu hapana. Yule fundi alibadilisha herufi moja tu, h ikawa s, katika kila pahali jina lile la zamani lilipoandikwa. Hda ikawa sda. Baada ya nusu saa vitabu vilikuwa vimerudi vyote, hadi shilingi ya mwisho.

Ninaeleza jambo hili kwa sababu vikundi vingi hutumia kompyuta za mtumba, na nyingi zinaendeshwa na Linux kwa vile haina malipo. Kikundi ambacho hakijui jinsi diski zinavyopewa majina kinaweza kutupa diski nzima iliyo salama. Au, vibaya zaidi, kinaweza kufuta vitabu vyake kwa mkono wake wenyewe.

DISKI NA PARTISHENI NI NINI?

Ndani ya kompyuta kuna kifaa kinachotunza kila kitu hata umeme ukizimwa. Hicho ndicho diski. Ifikirie kama ghala la kijiji. Ghala likiwa kubwa, watu huligawa kwa mbao: huku mahindi, huku maharagwe, huku mbegu za msimu ujao. Ghala ni moja lakini vyumba ni vingi. Chumba kimoja cha diski huitwa partisheni.

Katika kompyuta ya kikundi mara nyingi utakuta partisheni mbili au tatu. Moja ina programu zinazoendesha kompyuta yenyewe. Nyingine ina kazi zenu: barua, orodha za wanachama, hesabu. Ni mpango mzuri, kwa sababu programu zikiharibika unaweza kusafisha chumba chao bila kugusa chumba cha vitabu.

Lakini kompyuta haina macho. Ili ijue ni chumba kipi inachotakiwa kufungua, lazima kila diski na kila partisheni iwe na jina. Linux huweka majina ya diski na partisheni zake katika pahali pamoja panapoitwa /dev. Kisha kuna faili ndogo ya maandishi, /etc/fstab, ambayo ni kama ratiba ya mlinzi wa ghala. Kila asubuhi kompyuta inapoamka huisoma faili hiyo: fungua chumba fulani hapa, fungua fulani pale. Ikiwa jina lililoandikwa kwenye ratiba halipo tena, mlinzi anasimama mlangoni na funguo mkononi, hajui aende wapi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wale akina mama. Ghala lilikuwa limesimama imara, na nafaka yote imo. Ratiba tu ndiyo ilitaja jina lililoacha kutumika.

MAJINA YA ZAMANI: KUITWA KWA MAHALI

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchini Finland. Kompyuta nyingi za nyumbani na za ofisi za miaka iliyofuata zilikuwa na diski zilizounganishwa kwa kebo pana, bapa kama utepe. Kwa kawaida kulikuwa na nafasi za kebo mbili, na kila kebo iliweza kubeba vifaa viwili. Kwa hivyo nafasi zote zilikuwa nne.

Linux ilizipa nafasi hizo majina haya: kifaa cha kwanza kwenye kebo ya kwanza ni hda, cha pili kwenye kebo hiyo hiyo ni hdb. Cha kwanza kwenye kebo ya pili ni hdc, na mwenzake ni hdd. Partisheni zikaongezewa nambari: hda1, hda2, hda3, na kadhalika.

Angalieni vizuri hapo. Jina halikuwa la diski. Jina lilikuwa la pahali ilipofungwa. Ukiitoa diski kwenye kebo ya kwanza ukaifunga kwenye ya pili, inaacha kuitwa hda, inaanza kuitwa hdc. Ni kama kumwita mtu "yule wa nyumba iliyo karibu na kisima". Akihama, jina linabaki na nyumba, na mpangaji mpya ndiye anayeitwa hivyo.

Hata hivyo jina la namna hiyo lilikuwa na uzuri wake. Mradi hakuna aliyefungua sanduku na kuhamisha kebo, hda ilibaki hda mwaka hadi mwaka. Watu wakazoea. Mafundi wakaliandika katika faili, katika vitabu vya mafunzo, hata kwenye vikaratasi vilivyobandikwa juu ya mashine.

Wakati huo huo kulikuwa na diski za aina nyingine iitwayo SCSI, zilizotumika zaidi katika kompyuta kubwa. Hizo ziliitwa sda, sdb, sdc. Kumbukeni majina haya, maana ndiyo yaliyokuja kushinda.

KWA NINI YAKAONDOLEWA?

Kuanzia mwaka wa 2003 hivi, diski za kebo nyembamba zilianza kuenea madukani. Aina hiyo inaitwa SATA. Mtaalamu Jeff Garzik aliiandikia Linux programu mpya ya kuendesha diski hizo, jina lake libata. Programu hiyo ilijengwa juu ya njia ile ile ya diski za SCSI, kwa hivyo diski zote zilizopita humo zilipewa majina ya ukoo wa sd.

Sasa kukawa na njia mbili ndani ya nyumba moja. Diski za kebo pana zilipitia njia ya zamani na kuitwa hd. Za kebo nyembamba zilipitia njia mpya na kuitwa sd. Kila njia ilihitaji watu wa kuitunza, na kila kosa lililogunduliwa upande mmoja labda lilikuwepo na upande wa pili. Mwenye mifereji miwili ya maji katika shamba moja anajua kazi yake. Lazima azibue yote miwili, hata kama mmoja unatosha.

Ndipo ikaamuliwa diski za kebo pana nazo zipitishwe kwenye njia mpya. Mtaalamu mwingine, Alan Cox, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na matunda yake yaliingia katika toleo la Linux 2.6.19 la mwezi wa Novemba 2006. Tangu hapo diski ile ile, kwenye kebo ile ile, ikiwa na vitabu vile vile, iliweza kuitwa sda badala ya hda.

YALIVYOONDOLEWA HATUA KWA HATUA

Wakenya mnakumbuka noti za zamani za shilingi 1,000. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangazwa kwamba zitaondolewa, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo hazikukubalika tena. Kwa miezi minne noti mpya na za zamani zilitembea pamoja, ili kila mtu apate nafasi ya kubadilisha. Aliyechimbia zake chini ya kitanda bila kusikiliza redio aliamka na makaratasi.

Majina ya diski nayo yaliondolewa namna hiyo, ila muda ulikuwa mrefu zaidi. Tuhesabu pamoja.

Mwaka wa 2006 njia mpya iliingia, lakini ile ya zamani haikuguswa. Kila kundi linalotengeneza toleo lake la Linux liliachiwa uhuru wa kuchagua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Ubuntu 6.10 ilianza kuandika diski kwa namna nyingine kabisa katika ile ratiba ya /etc/fstab, namna ambayo nitaieleza baadaye.

Mwaka wa 2007 Fedora 7 iliziita diski zote sd. Hapo watu wengine walipata taabu ambayo hawakuitazamia. Njia ya zamani iliruhusu hadi partisheni 63 katika diski moja, lakini njia mpya wakati huo iliruhusu 15 tu. Mtu aliyekuwa amegawa ghala lake vyumba 20 alikuta vitano havina mlango. Ilibidi kwanza ajipange upya kabla hajahama.

Mwaka wa 2011, mwezi wa Februari, ilitoka Debian 6.0. Watengenezaji wake walionya mapema, katika maelezo ya toleo, kwamba majina ya diski yanaweza kubadilika. Tena waliweka swali lile la kusaidia mtu kurekebisha faili zake. Hilo ndilo swali ambalo kijana wetu alilijibu hapana. Si kwamba hakuonywa, ila hakusoma.

Mwisho, mwezi wa Agosti 2021, katika toleo 5.14, programu ya njia ya zamani iliondolewa kabisa ndani ya Linux. Kutoka 2006 hadi 2021 ni miaka 15. Lakini msiogope: diski za kebo pana hazikukatazwa. Mwenye nayo bado anaweza kuitumia kupitia libata. Kilichoisha ni jina la hda na ile njia iliyolitoa.

Tena si Linux peke yake iliyopitia haya. FreeBSD, ambayo ni jamaa yake wa mbali, ilifanya kitu kama hicho katika toleo 9.0 la Januari 2012. Diski zilizoitwa ad zikaitwa ada. Aliyekuwa na ad4 alishangaa kuona ada0. Watengenezaji waliacha kwa muda vielekezi vya majina ya zamani, kama mtu aliyehama anavyoacha ujumbe kwa jirani: "Akinitafuta mtu, mwambieni nimehamia kule."

JINA JIPYA NALO LINA UGONJWA WAKE

Sasa msomaji atasema, haya, tubadilishe hda iwe sda, kazi imekwisha. Ngoja kidogo.

Tumeona kwamba hda lilikuwa jina la mahali. Sda ni jina la zamu. Diski inayoonekana kwanza kompyuta inapoamka inaitwa sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Ni kama foleni ya zahanati. Leo wewe ni nambari moja kwa sababu umefika mapema, kesho utakuwa nambari nne. Daktari akiandika dawa kwa "nambari moja" bila kuandika jina la mgonjwa, dawa itamezwa na mtu mwingine.

Fleshi na diski za nje, zile za kuchomeka kando ya kompyuta, nazo huingia katika foleni hiyo hiyo ya sd. Kompyuta yenye diski mbili ndani inaweza leo kuiita moja sda, na kesho kuiita hiyo hiyo sdb, bila mtu kugusa waya wowote. Kompyuta mpya zenye diski za aina ya NVMe huonyesha majina kama nvme0n1p1, na hizo zikiwa mbili, nambari zao pia zinaweza kupishana.

Hatari yake ni hii. Tuseme mweka hazina ameandika kwenye karatasi: "Kila mwisho wa mwezi, futa sdb, kisha nakili vitabu humo." Kwa miezi mitano sdb ni diski ya akiba. Mwezi wa sita, diski zimebadilishana zamu, na sdb ni ile yenye vitabu. Karatasi inasema futa. Mtu mtiifu anafuta. Kompyuta haitamwuliza, "Una hakika hii si ile yenye hesabu za kikundi?" Itatii amri.

Wale wanaotumia Windows wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Fleshi leo inaitwa E, kesho unachomeka nyingine kwanza, na ile yako inaitwa F. Ugonjwa ni mmoja.

JINA LISILOHAMA

Dawa ni kuiita partisheni kwa jina lake yenyewe, lililoandikwa ndani yake, ambalo inatembea nalo popote inapofungwa. Yako mawili.

La kwanza ni lebo. Hili mnajichagulia wenyewe, kama VITABU au AKIBA. Katika partisheni za kawaida za Linux, za ukoo wa ext, lebo inaweza kufika herufi 16. Katika fleshi za kawaida za aina ya FAT mwisho ni herufi 11. Uzuri wake ni kwamba binadamu anaisoma na kuielewa.

La pili ni UUID. Hii ni nambari ndefu ambayo partisheni hupewa siku inapotayarishwa. Ina tarakimu na herufi 32, zilizogawanywa mafungu matano, kwa mfano: 7c41d0e2-58b3-4f6a-9d17-2be05c9a83f4. Haipendezi kuitazama, lakini ni vigumu mno mbili zifanane kwa bahati tu. Fleshi za FAT zina nambari fupi zaidi, kama 5F2A-91C7.

Fikirieni kitambulisho cha taifa. Mtu anaweza kuhama kutoka kisimani hadi sokoni, anaweza kuwa wa kwanza au wa kumi kwenye foleni, nambari ya kitambulisho chake ni ile ile. Lebo ni jina analoitwa nyumbani, UUID ni nambari ya kitambulisho. Akina mama wa kijijini wanaweza kuwa watatu wanaoitwa Wanjiku, lakini hakuna wawili wenye nambari moja.

Katika ile ratiba, msitari wa zamani ulikuwa hivi:

/dev/hda3 /home ext3 defaults 0 2

Ukiandikwa kwa UUID unakuwa hivi:

UUID=7c41d0e2-58b3-4f6a-9d17-2be05c9a83f4 /home ext3 defaults 0 2

Au kwa lebo:

LABEL=VITABU /home ext3 defaults 0 2

Mwenye ratiba ya namna hii hata hajali kama diski inaitwa hda, sda au jina litakalobuniwa mwaka ujao. Mlinzi anatafuta kitambulisho, akikipata anafungua. Hiyo ndiyo namna ambayo Ubuntu ilianza nayo mwaka wa 2006, na ndiyo matoleo makubwa ya Linux yanayoitumia leo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kazi hii inachukua muda mfupi. Mwiteni kijana anayejua Linux, lakini mweka hazina na mwandishi wakae naye waone kila hatua.

1. Toeni nakala ya vitabu kwanza. Nakilini hesabu zote kwenye fleshi, na kama zinachapika, chapeni orodha ya hisa na mikopo. Kabla ya hapo msiguse kitu kingine.

2. Jueni diski zenu. Andikeni amri lsblk -f. Itaonyesha kila diski, partisheni zake, lebo na UUID. Nakilini majibu hayo kwenye daftari la kikundi. Kama UUID haitokei, jaribuni amri blkid mkiwa na ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.

3. Someni ratiba. Fungueni faili ya /etc/fstab. Misitari ikianza na UUID au LABEL, mko salama. Ikianza na /dev/hda au /dev/sda, kuna kazi ya kufanya.

4. Pangeni lebo. Kwa partisheni ya ext, amri ni e2label, ikifuatwa na jina la sasa la partisheni, kisha lebo mliyoichagua. Hakikisheni kwanza kwamba jina la sasa ni lile mliloliona kwenye lsblk siku hiyo hiyo, si la wiki iliyopita.

5. Wekeni nakala ya ratiba kabla ya kuibadilisha: cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani. Mkikosea, ya zamani ipo.

6. Badilisheni, kisha pimeni kabla ya kuzima. Amri findmnt --verify husoma ratiba na kuonyesha makosa. Ni afadhali kugundua kosa kompyuta ikiwa macho kuliko kesho asubuhi ikiwa imekwama.

7. Angalieni programu ya kuwasha. Jina la partisheni kuu limeandikwa pia katika mipangilio ya GRUB, programu inayoiamsha Linux. Katika kisa cha wale akina mama, jina la hda lilikuwa limeandikwa pande zote mbili. Ukirekebisha upande mmoja tu, bado itakwama.

8. Kwa diski ya nje ongezeni neno nofail baada ya defaults, bila nafasi, yakitenganishwa kwa koma. Hapo kompyuta itawaka hata siku ambayo diski hiyo haijachomekwa.

MAMBO MATATU YA KUTAHADHARI

UUID haidumu milele. Ukifomati partisheni, yaani ukiitayarisha upya, inapewa nyingine, na ya zamani inapotea pamoja na vilivyokuwemo. Baada ya kufomati lazima ratiba isahihishwe.

Ukinakili diski nzima juu ya nyingine, kama mafundi wanavyofanya kwa amri ya dd, nakala inabeba UUID ile ile na lebo ile ile. Sasa mna watu wawili wenye kitambulisho kimoja. Msiziache zote mbili ndani ya kompyuta moja mpaka moja ibadilishwe.

Tatu, kabla ya amri yoyote ya kufuta au kufomati, watu wawili wasome kwa sauti: jina, ukubwa na lebo ya ile inayofutwa. Mnapohesabu pesa za kikundi huwa hamwachi mtu mmoja peke yake. Diski yenye hesabu hizo istahili heshima hiyo hiyo.

Na fundi akiwaambia diski imekufa, mwulizeni kwa upole: "Umeona nini kilichokuonyesha hivyo?" Diski inayokufa kwa kawaida huwa na dalili: hutoa sauti ya kugonga, hukawia sana, au hukataa kusoma hata ikifungwa kwenye kompyuta nyingine. Maandishi ya kusema kwamba jina fulani halipo hayatoshi kuitolea hukumu. Ombeni diski ifungwe kwanza kwenye mashine nyingine isomwe. Wale akina mama walikuwa karibu kuitupa.

Baada ya siku ile walirudia kuandika pia kwa daftari. Na juu ya sanduku la kompyuta yao walibandika karatasi yenye lebo mbili, VITABU na AKIBA, pamoja na UUID zake. Mwenyekiti alisema hajui herufi hizo zote zina maana gani, lakini anajua ni kitambulisho, na kitambulisho hakitupwi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Vitabu vya kikundi chetu viko kwenye diski gani, na ni wanachama wangapi wanaolijua jambo hilo?

2. Kompyuta ikigoma leo, tuna nakala ya hesabu pahali pengine? Ya tarehe gani?

3. Katika faili yetu ya /etc/fstab, diski zimeitwa kwa zamu au kwa kitambulisho?

4. Kijana akija kuweka toleo jipya, nani ataketi naye kusoma maswali ambayo kompyuta inauliza?